Madaraja ya Salfa: Kemia ya Kuitoa Keratini Ndani ya Sufu

Sufu ya kondoo, kwa jicho la mkemia, ni protini karibu tupu. Ikishaoshwa na kuondolewa mafuta, jasho lililokauka, vumbi na mbegu za nyasi zilizonasa malishoni, kinachobaki ni keratini, jamii ya protini ngumu ambazo wanyama wenye uti wa mgongo huzitumia kujijengea nywele, kucha, kwato, pembe, manyoya na tabaka la juu la ngozi. Protini hiyo haiyeyuki katika maji, haimeng'enywi na tumbo la binadamu wala haiozi upesi ikifukiwa udongoni, na ndiyo maana kwa muda mrefu wataalamu waliotaka kuichunguza walikuwa nayo mbele yao kwa wingi lakini hawakuweza kuitoa ndani ya unyuzi pasipo kuiharibu. Kuyeyusha sufu peke yake si kazi ngumu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni, ikitiwa kwenye maji kwa kiasi cha asilimia 5 na kuchemshwa, hukimaliza kipande cha kitambaa cha sufu kwa dakika chache, na wapimaji wa nguo hutumia jaribio hilohilo kutofautisha sufu na pamba. Kazi ni kuitoa keratini ikiwa bado keratini, minyororo yake ikiwa bado mirefu, na ugumu wa kazi hiyo hutokana na kifungo kimoja cha kikemia ambacho sufu imejaliwa kuwa nacho kwa wingi usio wa kawaida.

Keratini, kama protini nyingine zote, ni mnyororo wa asidi amino, yaani molekuli ndogo zenye naitrojeni zilizoungwa moja baada ya nyingine kwa kiungo kiitwacho kifungo cha peptidi. Mojawapo ya asidi amino hizo, sisteini, ina atomu ya salfa kwenye ncha ya tawi lake, salfa ileile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huipuliza mashambani dhidi ya ubwiriunga. Sisteini mbili zikikaribiana na kupoteza hidrojeni zao, salfa hushikana na salfa, na jozi inayopatikana huitwa sistini. Mshikano huo, unaojulikana kama daraja la salfa, huweza kuunga mnyororo mmoja na jirani yake, au kukunja mnyororo mmoja kwa kuunga sehemu zake mbili. Sistini yenyewe ilijulikana kabla ya watu kuelewa protini ni nini: William Hyde Wollaston, mkemia wa Uingereza, aliieleza mwaka 1810 baada ya kuikuta katika jiwe la kibofu cha mkojo, na ilipita karibu karne nzima hadi mwaka 1899, ambapo K. A. H. Mörner wa Sweden aliipata ndani ya pembe na kuonyesha kwamba ni sehemu ya protini. Katika sufu, kati ya kila asidi amino 100, takriban 10 hadi 12 ni nusu za sistini, na salfa hufikia asilimia 3 hadi 4 ya uzito wote wa unyuzi. Harufu kali ya nywele zinazoungua, ambayo kila mtu aliyewahi kukaa karibu na kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa anaijua, sehemu yake kubwa ni harufu ya salfa hiyo ikitoroka.

Mpangilio wa minyororo hiyo ndani ya unyuzi ulianza kufahamika mjini Leeds, mojawapo ya vitovu vya viwanda vya sufu vya Uingereza, ambako katika miaka ya 1930 William Astbury wa chuo kikuu cha mji huo alipitisha mionzi ya eksirei kwenye nyuzi za sufu na kupiga picha za jinsi ilivyotawanyika. Aligundua kwamba sufu iliyolegea hutoa picha ya aina moja na sufu iliyovutwa kwa nguvu ikiwa na unyevu hutoa picha nyingine kabisa, naye akaziita hali hizo keratini ya alfa na keratini ya beta, akieleza kwa usahihi kwamba molekuli za sufu zimekunjwa na kwamba zikivutwa hukunjuka. Umbo halisi la mkunjo huo hakulipata. Lilipatikana mwaka 1951 nchini Marekani, pale Linus Pauling, Robert Corey na Herman Branson walipotangaza muundo wa hesi ya alfa, ambapo mnyororo hujizungusha kama parafujo, kila mzunguko ukichukua asidi amino 3.6. Baadaye ilibainika kwamba katika keratini hesi hizo husukwa mbili mbili, kisha jozi zikasukwa pamoja hadi kupata uzi mwembamba wenye kipenyo cha nanomita 7 hivi, kwa namna ambayo msukaji wa kamba za usumba huzipokota nyuzi kuwa sikamo na sikamo kuwa kamba.

Nyuzi hizo nyembamba hazikai peke yake. Zimezamishwa katika protini za aina nyingine, fupi zaidi na zenye salfa nyingi zaidi, ambazo huzigandisha mahali pake, hivyo kwamba mtu anapozungumzia kutoa keratini kutoka kwenye sufu huwa anazungumzia mchanganyiko wa protini nyingi: zile ndefu za nyuzi zenyewe, zenye asidi amino takriban 400 hadi 500 kila moja, na zile fupi za gandisho, ambazo nyingine hazifiki hata robo ya urefu huo. Juu ya yote kuna magamba, tabaka la seli bapa zilizopandana kama vigae vya paa, na ambazo uso wake umefunikwa na utando mwembamba wa asidi ya mafuta ulioshikizwa kwenye protini kwa salfa. Utando huo hulifanya tone la maji litelezeke juu ya sufu badala ya kuingia. Sehemu ya nje ya gamba ina sistini nyingi kupita sehemu nyingine yoyote ya unyuzi, kiasi kwamba karibu theluthi moja ya asidi amino zake ni nusu za sistini, na ndiyo inayomshinda mkemia mara nyingi: katika njia nyingi za uchopoaji, moyo wa unyuzi huyeyuka na kutoka, huku magamba yakibaki chini ya chombo kama mashapo.

Kabla ya kemikali yoyote kugusa madaraja ya salfa, sufu lazima ioshwe. Sufu mbichi ya kondoo wa Merino huweza kuwa na mafuta ya robo ya uzito wake, mafuta ambayo yakisafishwa huuzwa kwa jina la lanolini na kutiwa katika marhamu za ngozi na midomo, pamoja na chumvi za potasiamu kutoka kwenye jasho la mnyama. Maji ya moto kiasi, sabuni na magadi kidogo huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo, na maabara huongeza hatua ya kuloweka sufu katika kiyeyushi cha mafuta kama asetoni au ethanoli, kwa kuwa mafuta yanayobaki huzuia kemikali za maji kupenya. Hatua hii haina sifa katika maandishi ya kisayansi, ambamo hutajwa kwa mstari mmoja, ingawa ikirukwa kemikali hazipenyi vizuri.

Vifungo vinavyoishikilia sufu ni vya aina mbili, na kila njia ya kuivunja lazima ishughulike na aina zote mbili kwa pamoja. Aina ya kwanza ni vifungo dhaifu, hasa vifungo vya hidrojeni, ambavyo ni mvuto mdogo kati ya hidrojeni ya sehemu moja na oksijeni au naitrojeni ya sehemu nyingine, na mvuto wa chaji chanya na hasi. Kimoja kimoja ni vyepesi, na maji na pasi ya moto vinatosha kuvilegeza kwa muda, jambo linaloeleza kwa nini suti ya sufu hunyooka ikipigwa pasi kwa mvuke. Vikiwa mamilioni, hata hivyo, huizuia minyororo kuachana. Dawa yake ni urea, ileile ambayo mkulima wa mahindi huinunua katika mfuko wa mbolea, ila hapa hutumika katika ukolezi wa kutisha: maabara nyingi hutumia urea ya mola 8, ambayo ni gramu 480 hivi katika kila lita moja. Urea hujipenyeza kati ya minyororo na kuvichukua vifungo vya hidrojeni vyenyewe, mnyororo ukakosa cha kushikana nacho. Lakini sufu iliyolowekwa katika urea tupu huvimba tu na kubaki nzima, kwa sababu aina ya pili ya vifungo, madaraja ya salfa, haijaguswa. Kuyakata hayo kunahitaji mmenyuko wa kweli wa kikemia, na kwa mtazamo wa salfa yenyewe kuna njia tatu kuu za kulikata daraja pasipo kuukata mnyororo.

Njia ya kwanza ni kuzirudishia salfa hidrojeni zao. Mwaka 1934, David Goddard na Leonor Michaelis wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sufu ikitiwa katika asidi ya thioglikoliki, au kemikali nyingine zenye salfa iliyobeba hidrojeni, katika maji yenye ualkali wa kutosha, huyeyuka, na kwamba protini inayopatikana, ambayo waliiita kerateini, hukubali kumeng'enywa na pepsini na tripsini, vimeng'enya vya tumbo na kongosho ambavyo sufu nzima huvipuuza. Matokeo hayo yalikuwa na uzito mkubwa kuliko yanavyosikika. Yalithibitisha kwamba ukaidi wa keratini mbele ya vimeng'enya haukutokana na kifungo cha peptidi cha aina ya pekee bali na madaraja ya salfa, ambayo yakiondolewa, keratini huwa protini kama protini nyingine.

Ualkali katika mmenyuko huo una sababu yake. Salfa yenye hidrojeni haishambulii daraja ikiwa imetulia. Hushambulia ikiwa imepoteza hidrojeni yake kwenye maji na kubaki na chaji hasi, jambo linaloanza kutokea kwa wingi pale kipimo cha pH kinapopita 8 na kuzidi kadiri kinavyopanda. Salfa hiyo yenye chaji huirukia mojawapo ya salfa mbili za daraja na kujiunga nayo, huku ya pili ikiachwa huru. Kisha molekuli nyingine ya kemikali hufika, huichukua ile iliyojiunga, na kuiacha salfa ya pili ya sufu nayo ikiwa huru. Kila hatua inaweza kurudi nyuma. Kwa hiyo kemikali lazima itiwe kwa wingi kupita mahitaji, ili mizani ielemee upande wa kuvunja, na hii ndiyo sababu maabara zilizotumia merkaptoethanoli, kemikali maarufu ya kazi hii, zimejaa uvundo wa mayai yaliyooza na kulazimika kufanya kazi chini ya kofia ya kufyonza hewa. Merkaptoethanoli ni sumu pia. Watafiti wa miaka ya karibuni wamependelea kutumia sisteini yenyewe kama kemikali ya kuvunjia, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi, haina madhara makubwa, na mabaki yake ndani ya bidhaa si kitu cha kuogofya.

Salfa zilizofunguliwa kwa njia hii hazina subira. Oksijeni ya hewani inatosha kuziunganisha upya, na protini iliyoyeyuka leo huweza kuganda kesho. Goddard na Michaelis walilitatua tatizo hilo mwaka 1935 kwa kuziba kila salfa na kipande kidogo cha kemikali kinachotokana na asidi ya iodoasetiki, na ufumbuzi huo ndio uliowawezesha wataalamu wa Australia, nchi ambayo uchumi wake uliwahi kutegemea mgongo wa kondoo, kuzitenganisha protini za sufu moja moja na kuzisoma katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Kwa anayetaka kutengeneza kitu, kwa upande mwingine, salfa zisizo na subira ni baraka: myeyusho ukimiminwa kwenye bapa na kuachwa ukauke, madaraja hujijenga yenyewe, na utando unaopatikana huwa imara na hauyeyuki tena.

Njia ya pili hutumia salfaiti, hasa metabisulfiti ya sodiamu, kemikali ya bei nafuu inayotumika pia kuhifadhi matunda yaliyokaushwa na divai. Salfaiti hulikata daraja kwa namna isiyo na usawa: upande mmoja hubaki na salfa huru, na upande wa pili hubaki na salfa iliyobeba salfaiti, kundi lenye chaji hasi linalopenda maji. Chaji hizo husukumana, minyororo ikaachana, na protini ikawa rahisi kuyeyuka hata bila ualkali mkali. Kwa kawaida kazi hufanyika katika urea ya mola 8, kwenye nyuzi joto 65 hivi, pamoja na kiasi kidogo cha sabuni ya maabara ya kuzizuia protini zisigandamane, nayo ndiyo njia iliyotumiwa sana na watafiti wa Biella, mji wa kaskazini mwa Italia ulio chini ya milima ya Alpi na ambao umesokota na kufuma sufu kwa karne nyingi. J. M. Swan wa Australia alionyesha mwaka 1957 kwamba ikiongezwa shaba pamoja na salfaiti, upande ule uliobaki na salfa huru nao hurudishwa kwenye mmenyuko, hadi salfa zote zikabeba salfaiti. Jambo zuri ni kwamba kundi hilo linaweza kuondolewa baadaye na daraja likarudi. Kwa maoni ya wengi wanaofanya kazi hii kwa ajili ya tiba, hapo ndipo njia hii inapozishinda nyingine.

Njia ya tatu ni kinyume cha ya kwanza: badala ya hidrojeni, salfa huongezewa oksijeni. Asidi ya perasetiki, ndugu mkali wa siki, hulikata daraja moja kwa moja na kugeuza kila salfa kuwa asidi ya sisteiki, ambayo ni imara kiasi kwamba hakuna mmenyuko wa kawaida wa maabara utakaoirudisha nyuma. Sufu iliyooksidishwa hivyo huyeyuka katika alkali dhaifu, na katika miaka ya 1950 ilitengwa katika mafungu: lile la protini ndefu, lile la protini fupi zenye salfa nyingi, na mabaki yasiyoyeyuka. Hasara yake iko wazi, kwa kuwa keratini isiyoweza kujenga madaraja tena imepoteza kilichoifanya iwe keratini. Hupata, badala yake, tabia ya kunyonya maji kwa wingi na kuwa kama jeli, na wapo wanaoitafuta kwa sababu hiyohiyo.

Inafaa sasa kurudi kwenye kostiki soda, kwa sababu kuna mambo mawili yanayotokea ndani ya chombo hicho na ambayo aghalabu huchanganywa. Alkali kali hukata vifungo vya peptidi, na hapo mnyororo huwa vipande. Lakini kabla ya hapo, hata alkali dhaifu ikiwa ya moto, huling'oa daraja la salfa kwa kunyang'anya hidrojeni iliyo kwenye kaboni ya jirani. Salfa moja huondoka kabisa, na katika pengo lililobaki hujengwa daraja jipya lenye salfa moja badala ya mbili, liitwalo lanthionini. Kitu hiki kilitambuliwa mwaka 1941 katika sufu iliyochemshwa kwa kabonati ya sodiamu, ambayo ndiyo magadi, na tofauti yake na daraja la kawaida ni kwamba hakuna thioglikoliki wala salfaiti inayoweza kulikata. Mchopoaji anayezidisha alkali akidhani anaharakisha kazi huwa anafunga mlango aliokuwa akijaribu kuufungua.

Watu wa viwanda vya ngozi walilijua jambo hili kwa vitendo. Ngozi mbichi hutolewa nywele kwa chokaa na salfaidi ya sodiamu, ambayo hula nywele hadi kuwa uji, na ni miongoni mwa kazi kubwa na za zamani zaidi za kuvunja keratini zinazofanyika viwandani, Afrika Mashariki ikiwemo. Ngozi ikilowekwa kwanza katika chokaa peke yake, nywele hupata lanthionini na kuwa sugu, na salfaidi inayofuata hukata mzizi tu uliofichwa ndani ya ngozi, ambako chokaa haijafanya kazi yake kikamilifu. Nywele hutoka nzima na kuchujwa, badala ya kuingia katika maji taka zikiwa zimeyeyuka. Kwenye saluni, kemia hiyo hufanyika juu ya kichwa cha mtu aliye hai. Dawa ya kunyoosha nywele yenye haidroksidi ya sodiamu hujenga lanthionini, na ndiyo maana nywele zilizonyooshwa hivyo hazirudi kujisokota hadi ziote mpya, ilhali dawa ya kutengeneza mawimbi yenye thioglikoliki hukata madaraja na kuyajenga upya baada ya kupakwa peroksidi ya hidrojeni. Zikipakwa zote mbili kwenye nywele zilezile, nywele hukatika. Bidhaa zinazouzwa kama matibabu ya keratini ni habari tofauti, kwa kuwa nyingi zake hutegemea formaldehaidi au kemikali zinazoitoa zikipashwa moto, na keratini iliyomo hufanya kazi ndogo kuliko jina lake.

Viumbe hai walitangulia katika yote haya. Kiwavi wa nondo wa nguo, adui wa kila mwenye blanketi la sufu, huishi kwa kula keratini, na mwaka 1935 Kaj Linderstrøm-Lang na Fritz Duspiva wa Maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen walionyesha kwamba utumbo wa kati wa kiwavi huyo una pH inayokaribia 10 na oksijeni haba sana, hali ambamo madaraja ya salfa hukatwa kwanza na vimeng'enya vya kawaida vya protini hufuata. Hayo ni matokeo ya Goddard na Michaelis ndani ya mdudu, yaliyochapishwa karibu wakati uleule. Kuvu wanaosababisha mapunye na choa hufuata njia nyingine: huchukua sisteini, huigeuza kuwa salfaiti, na kuitoa nje ya seli zao juu ya nywele au ngozi, ili ikate madaraja na kuipisha kazi ya vimeng'enya. Ni njia ya pili ya maabara, inayofanyika kwenye vichwa vya watoto wa shule. Bakteria kama Bacillus licheniformis nao hutoa vimeng'enya vinavyoitwa keratinasi, ambavyo vimechunguzwa sana katika kugeuza manyoya ya kuku kuwa chakula cha mifugo. Kwa sufu, vimeng'enya peke yake huenda polepole na hukata peptidi, hivyo hutoa vipande vifupi. Hufaa zaidi vikisaidiwa na kemikali ya kufungua madaraja.

Baada ya kuyeyuka, kazi haijaisha. Chombo sasa kina protini, urea, mabaki ya kemikali na magamba yasiyoyeyuka. Magamba huchujwa. Kioevu hutiwa katika mfuko wa utando wenye vitundu vidogo sana, kisha mfuko huzamishwa katika maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara kwa siku mbili au tatu, urea na chumvi zikitoka na protini zikibaki kwa kuwa ni kubwa mno kupita. Protini fupi kabisa hutoka pia, na hupotea bila kuhesabiwa. Njia mbadala ni kushusha pH hadi kati ya 4 na 5, ambako chaji chanya na hasi za protini hulingana, msukumano ukaisha, na keratini ikatulia chini kama maziwa yaliyokatika. Mwishowe hugandishwa na kukaushwa katika ombwe, ikawa unga mweupe au wa rangi ya krimu, mwepesi. Ukweli ambao ripoti za maabara huupitia haraka ni kwamba hapa ndipo gharama zilipo: maji mengi, urea nyingi isiyorudishwa, na siku za kungoja. Gramu chache za keratini nzuri zimeshapatikana katika maabara nyingi duniani, ilhali viwanda vinavyoipata kwa tani ni vichache mno.

Jitihada za kuukwepa myeyusho huo wa urea zimechukua njia kadhaa. Mwaka 2005 watafiti wa China walieleza jinsi sufu inavyoyeyuka katika vimiminika vya ioni, yaani chumvi zinazokuwa majimaji katika joto la chini, na tangu hapo imejaribiwa pia michanganyiko ya kolini na urea au asidi za kawaida, ambazo zikikutanishwa kwa uwiano fulani huyeyukia katika joto dogo kuliko kila moja peke yake. Vimiminika hivyo huvunja vifungo vya hidrojeni kwa nguvu sana, lakini bei yake na ugumu wa kuvirudisha kwenye matumizi bado ni kikwazo.

Mahitaji ya keratini yenyewe ni ya kweli. Minyororo yake ina mifuatano ya asidi amino ambayo seli za mwili huitambua na kuishika, hivyo sponji na tando zake zimetumika kukuzia seli na kufunikia vidonda, na New Zealand, nchi yenye sufu nyingi nene isiyofaa nguo laini, imetoa bidhaa za vidonda zinazotokana na keratini ya sufu. Vipande vifupi huingia katika shampuu na krimu. Nchini Kenya, ambako Merino na Corriedale waliletwa katika nyanda za juu wakati wa ukoloni, na ambako kondoo wa asili kama yule mwekundu wa Wamaasai ana nywele badala ya sufu, kiasi kinachopatikana ni kidogo. Ulaya hali ni kinyume: kondoo hufugwa kwa nyama na maziwa, hunyolewa kwa ajili ya afya yao, na sufu yao nene mara nyingi haifikii hata ujira wa mnyoaji, huku sheria za Umoja wa Ulaya zikiihesabu sufu mbichi kuwa zao la ziada la mnyama lisiloruhusiwa kutupwa ovyo.

Kwa mlundikano wa namna hiyo, uangalifu wote wa kulinda mnyororo hauna faida, na Biella imejibu kwa njia ambayo haitumii kemikali hata moja. Katika mradi ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, sufu taka ilitiwa katika chombo cha shinikizo pamoja na maji, ikapashwa hadi nyuzi joto zipatazo 170, ambako maji yenyewe hukata peptidi na madaraja kwa pamoja, hatua inayoitwa hidrolisisi, yakifanya kazi bila kuchagua. Kinachotoka ni mchanganyiko wa kahawia wa asidi amino na vipande vifupi vya protini, usiofaa kidonda wala utando, lakini keratini safi ina naitrojeni ya karibu asilimia 16 ya uzito wake, na mchanganyiko huo hutiwa mashambani na kuiachia naitrojeni hiyo udongoni kidogo kidogo.